Batri yetu haikulogwa

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unazungumza juu ya taa na batri, lakini unaanza na kosa. Kosa ni langu na la wenzangu wa kikundi cha ushonaji, na mama tuliyemkosea ametupa ruhusa ya kuliandika. Alisema hivi tu: "Andika, ili wengine wasipoteze batri, wala wasipoteze mtu."

Mnajua jinsi usiku unavyoingia kwetu. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, basi mwaka mzima jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Hatuna jioni ndefu. Ukimaliza soko, ukachota maji, ukapika, giza limefika. Kazi ya mikono na masomo ya watoto vinabaki kwa taa. Waya za umeme zimefika katika kartie kadhaa za miji yetu, lakini nyumba nyingi bado zinategemea tochi, koroboi, mshumaa au jenereta ya jirani.

Mwezi wa pili tulitoa pesa za likirimba yetu tukanunua batri ya gari ya volti 12, ampea-saa 50, pamoja na plaki ya jua ya wati 50 na mkanda wa taa za LED wa mita 5. Mkanda ule tuliubandika juu kwenye boriti. Siku ya kwanza tulipiga vigelegele. Chumba kiling'aa kama butiki ya mjini. Tulishona kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, kisha meza zikachukuliwa na watoto wetu wafinalisti, waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa Serikali. Wao walisoma hadi saa nne.

Baada ya majuma machache tukaona jambo la ajabu. Jumatatu taa zinawaka vizuri. Jumanne na Jumatano vilevile. Alhamisi, watoto wakikaa tu mezani, mwanga unafifia na kuzimika. Ijumaa ni mapema zaidi. Jumamosi tunabeba batri kwenda nyumba ya kuchaji, tunalipa, na juma linaanza tena. Mwezi wa tano taa zikaanza kuzimika Jumanne. Mwezi wa sita, mtihani ukiwa mlangoni, batri haikuweza kuwasha hata saa moja.

Hapo maneno yakaanza. Mmoja alisema batri ilikuwa kuukuu, imepakwa rangi tu. Mwingine akasema mama mshika sanduku alinunua ya bei ndogo akaweka tofauti mfukoni. Wa tatu akasema kuna mtu wa kartie anayetuonea wivu. Hakuna aliyemwambia mama mshika sanduku usoni, lakini mnajua, mama hahitaji kuambiwa usoni. Alileta daftari, akaliweka mezani, akaenda nyumbani. Majuma mawili hakuonekana mkutanoni. Ni mwanamke aliyetutunzia pesa miaka mingi bila kupotea franka moja.

Tulipeleka batri kwa fundi ili atuambie kama ni ya uongo. Aliipima, akatazama tarehe iliyopigwa juu yake, akasema: "Batri ni nzima kwa kuzaliwa. Imeuawa." Kisha akatuuliza maswali matatu: mnawasha taa gani, kwa masaa mangapi, na plaki ni ya wati ngapi? Alifanya hesabu nyuma ya karatasi ya risiti. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuwapa leo, kwa sababu ni rahisi kuliko hesabu ya likirimba, na mama yeyote anayejua kujumlisha na kutoa anaiweza.

Kwanza, mkanda wenyewe

Taa ya mkanda ni utepe mwembamba wenye taa ndogondogo zimepangwa kwa mstari. Ile ya volti 12 inafaa kwetu sana kwa sababu batri ya gari, ya pikipiki na ya sola nayo ni ya volti 12. Vinaungana moja kwa moja. Huhitaji ile mashine ya kugeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220, ambayo yenyewe inakula batri hata kabla hujawasha taa.

Ukiutazama kwa karibu, utaona taa zimegawanyika kwa tatu tatu, na kila baada ya taa tatu kuna alama ndogo ya mkato kati ya vidoa vya shaba. Kila taa nyeupe inahitaji karibu volti 3. Taa tatu zikifuatana zinahitaji karibu volti 9 au 10, na kijipande kidogo kilicho pembeni yao kinapokea volti zinazobaki. Ndiyo maana unaweza kukata mkanda kwa mkasi, lakini kwenye alama tu. Ukikata katikati ya watatu hao, wote watatu hawawaki.

Mkanda una pande mbili, chanya na hasi. Waya nyekundu inakwenda kwenye chanya ya batri, nyeusi kwenye hasi. Ukigeuza, mkanda hauwaki. Geuza upya, utawaka.

Kabla ya kulipa, soma maandishi juu ya mkanda. Kuna mikanda ya volti 5, ya volti 12, ya volti 24, na kuna mingine inayochomekwa kwenye umeme wa volti 220. Ya volti 12 ukiiweka kwenye batri mbili za lori zilizounganishwa kuwa volti 24, itaungua. Ya volti 24 ukiiweka kwenye batri moja ya 12, haitawaka vizuri. Na usiunge mkanda moja kwa moja kwenye plaki ya jua, hata kama wameandika ni plaki ya volti 12. Jua likiwa kali, plaki hiyo inaweza kutoa volti zaidi ya 18, na mkanda utaharibika. Plaki inachaji batri, na batri inawasha taa.

Hesabu ya fundi

Mikanda haili sawa. Ule wa kawaida, wenye taa ndogo 60 kwa mita, unakula karibu wati 5 kwa kila mita. Ule wenye taa kubwa zaidi, nao 60 kwa mita, unakula karibu wati 14 kwa mita, mara tatu ya ule wa kwanza. Sisi tulichagua wenye mwanga mkali bila kuuliza. Mita 5 zake zinakula wati zaidi ya 70.

Gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Wati 72 kwa volti 12 ni ampea 6. Tuliwasha masaa 4 kila jioni. Mara 6 kwa 4 ni ampea-saa 24. Hicho ndicho tulichotoa kila siku katika batri ya ampea-saa 50.

Je, tulirudisha kiasi gani? Plaki ya wati 50, jua likiwa kali, inatoa karibu ampea 3. Ukihesabu masaa 4 ya jua zuri kwa siku, unapata 12. Masaa ya asubuhi na ya jioni yanaongeza kidogo tu, na mawingu yanapunguza. Butembo tunajua mawingu, hasa miezi ya mvua.

Wamama, fikirieni mtu anayetoa dola 24 katika sanduku kila siku, na kurudisha 12. Fundi aliandika hivi: Jumatatu jioni tunaanza na 50, tunatoa 24, zinabaki 26. Mchana wa Jumanne jua linaongeza 12, tunakuwa na 38. Jioni tunatoa 24, zinabaki 14. Jumatano tunaanza na 26, zinabaki 2. Alhamisi tuna 14 tu. Kwa ampea 6, hizo 14 zinaisha kwa masaa mawili na dakika ishirini. Kutoka saa kumi na mbili, ongeza masaa mawili na dakika ishirini. Ni saa mbili na dakika ishirini usiku, saa ileile watoto wanapofungua vitabu.

Hakuna mchawi katika hesabu hiyo, wala mwizi.

Kilichoua batri

Mngeweza kusema: sawa, iliisha chaji, lakini kwa nini ilikufa? Fundi alieleza hivi. Ndani ya batri ya gari kuna mabamba ya risasi ndani ya maji ya asidi. Risasi ninayosema hapa si ya bunduki. Ni ile madini laini na mazito ambayo kwa Kifaransa wanaiita plombu. Batri ikitoa umeme, mabamba yanafunikwa na kitu kama chumvi nyeupe. Ukiichaji mapema, chumvi inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha batri tupu siku baada ya siku, chumvi inakuwa ngumu na haitoki tena. Kila siku sehemu inayofanya kazi inapungua. Unadhani una batri ya 50, kumbe una ya 30, kisha ya 15.

Tena batri ya gari ilitengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha mashine, kisha irudishiwe mara moja. Mabamba yake ni membamba. Haikupangiwa kutoa polepole hadi mwisho kila usiku. Batri za sola zina mabamba mazito zaidi, zinavumilia, lakini nazo hazipendi kumalizwa.

Kwa hiyo sheria ni hii: usitumie zaidi ya nusu ya batri ya risasi. Ya 50, ihesabu kama 25. Ya pikipiki yenye 7, ihesabu kama tatu na nusu. Hapo itadumu.

Utajuaje kwamba umefika nusu? Nunua mita ndogo ya volti, ile inayoonyesha namba. Pima asubuhi mapema kabla ya jua kupiga plaki, taa zote zikiwa zimezimwa tangu usiku. Batri iliyojaa inaonyesha karibu 12.7. Ikionyesha 12.2, uko karibu na nusu. Ikiwa chini ya 12, jioni hiyo usiwashe hadi ichajiwe. Yetu, siku fundi alipoipima, ilionyesha 10.4.

Kuna pia kile kisanduku kinachokaa kati ya plaki na batri, mafundi wanakiita regilateri. Kilicho kizuri kinafanya kazi mbili: kinazuia plaki isijaze batri kupita kiasi, na kinakata taa batri ikishuka mno. Lakini taa lazima ziungwe kwenye kisanduku, mahali palipochorwa ampuli. Ukiunga taa moja kwa moja kwenye batri, kisanduku hakiwezi kuzikata.

Hapa ndipo nilipoona aibu. Tuliporudi kutoka kwa fundi nilifungua daftari lililoachwa mezani. Katika ukurasa wa mwezi wa pili, kwa mwandiko wake, mama mshika sanduku ameandika: "Nimependekeza regilateri yenye kukata. Wanachama wamekataa, wameomba mkanda mrefu wenye mwanga zaidi." Mimi nilikuwa kati ya waliokataa. Nilikumbuka hata maneno yangu: kisanduku hakiangazi.

Tulichopanga upya

Tulianza na mkanda, hatukukimbilia batri. Tulichukua ule wa kawaida, wa wati 5 kwa mita, tukaukata vipande vitatu vya mita moja moja. Hatukuviweka tena kwenye boriti. Tulivibandika chini ya ubao uliopakwa rangi nyeupe, ukining'inia karibu na kila cherehani, juu kidogo ya kichwa cha mshonaji. Mwanga ukishuka karibu na kazi unakuwa mkali zaidi bila kula zaidi. Mshonaji haangazi paa, anaangaza sindano.

Mita tatu ni wati karibu 15, ampea moja na robo. Kwa masaa 4 ni 5. Plaki ileile inarudisha 12 siku ya jua, na siku ya mawingu inaweza kurudisha 5 hizo au pungufu kidogo. Hata jua lisipoonekana siku tatu nzima, tumetoa 15 tu katika batri ya 50, hatujafika nusu. Tangu hapo hatujapeleka batri yoyote kuchajiwa mjini. Pesa ile ya kila Jumamosi inaingia sandukuni.

Nyumbani hesabu ni ndogo zaidi. Chumba kimoja cha watoto kusomea kinatosheka na mita moja juu ya meza. Hiyo ni ampea 0.4. Kwa masaa 4 ni 1.6. Batri ya pikipiki ya ampea-saa 7 itakupa jioni mbili bila kuvuka nusu, na plaki ya wati 10 inaweza kurudisha karibu 2 kwa siku ya jua.

Kwa mama anayenyonyesha, kata kipande cha sentimita 10, taa sita tu. Kinatosha kuona mtoto na kubadili nguo, na hata kikiwaka masaa 12 kinakula nusu ya ampea-saa. Wenzetu wa Beni ambao hawapendi nyumba ionekane kwa mbali usiku wanaweza kukibandika nyuma ya kitanda au chini ya meza, mwanga ukitazama ukuta. Weka swichi mahali mkono unapofika bila kusimama.

Kipande kidogo cha waya kinachozuia moto

Sasa jambo ambalo watu wengi wanaliruka. Wanasema volti 12 haziui. Ni kweli kwamba ukizigusa kwa mkono mkavu husikii kitu. Lakini batri ya gari ikiunganishwa chanya na hasi bila kitu katikati, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa wakati mmoja. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kama mkaa.

Nyumbani kwangu, kabla ya haya yote, nilikuwa nimepitisha waya juu ya msumari uliotoboa bati la ukuta. Waya ulisuguliwa na upepo hadi ngozi yake ikatoka, zote mbili zikagusa msumari. Nilisikia harufu, nikatazama, pazia limeanza kuvuta moshi na ngozi ya waya inadondoka ikiwaka juu ya mkeka. Mtoto wangu mdogo alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale. Nilikata waya kwa panga. Mungu alisaidia, lakini fyuzi ingekuwa imesaidia kabla yangu.

Fyuzi ni kile kijipande chenye waya mwembamba ndani, kama vile vilivyo kwenye pikipiki na gari. Umeme ukizidi, kinakatika na kila kitu kinazimika. Kiweke kwenye waya nyekundu, karibu kabisa na chanya ya batri, usizidi kiganja kimoja cha mkono. Kikiwa mbali, waya ulio kati ya batri na fyuzi hauna mlinzi. Kwa mikanda yetu ya ampea moja na robo, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Ikikatika, tafuta kwanza kosa. Usiweke msumari, wala karatasi ya sigara, wala waya mnene mahali pake. Ukifanya hivyo umemfukuza mlinzi.

Tumia waya wa shaba wenye unene wa kutosha. Waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani, na taa za mwisho zinafifia. Usiunge kwa kusokota tu na kufunika na kipande cha mfuko. Afadhali kuchomelea kwa risasi ya fundi wa redio, kisha kufunika na utepe wa umeme. Mkanda uliozungushwa kama ulivyo dukani usiuwashe kwa muda mrefu, unapata joto kwa ndani. Ufungue, uubandike.

Batri na watoto

Weka batri ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, chini, mahali imara, na funika vichwa vyake viwili. Kijiko cha mtoto kikivigusa vyote viwili, kinaunguza mkono. Batri yenye vifuniko vya kuongeza maji ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Basi isichajiwe chumba cha kulala, na usisogeze koroboi wala mshumaa kutazama maji yake. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya batri yanayouzwa kwa ajili hiyo. Usiongeze asidi. Asidi ikiruka kwenye jicho au ngozi, mwagia maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha kwenda kituo cha afya mara moja.

Na batri ikifa? Najua vijana wanaovunja batri kuukuu ili kuyeyusha plombu na kutengeneza vizito vya nyavu au kuuza. Wamama, tusikubali jambo hilo uani kwetu. Huko Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya batri kuukuu. Mama mmoja aliyefanya kazi ofisini humo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga anaugua. Vipimo vilionyesha risasi katika damu ya mtoto, na ilikuwa imepitia maziwa ya mama. Omido aliacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, wengi wao wamama, hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini hakuna pesa inayorudisha akili ya mtoto iliyopunguzwa na sumu hiyo. Batri yako ikifa, ihifadhi nzima, imesimama, isivunjwe, uirudishe kwa muuza batri. Wengi wanainunua kuukuu au kuipunguza kwenye bei ya mpya. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi.

Kabla ya kutoa pesa

Kikundi kinachotaka kununua kikae kwanza na kalamu. Andikeni mita ngapi za mkanda na wati ngapi kwa mita. Gawanyeni kwa 12 mpate ampea. Zidisheni kwa masaa mtakayowasha. Jibu hilo lisizidi nusu ya namba iliyoandikwa kwenye batri, na plaki iweze kulirudisha kwa siku moja ya jua la kawaida. Ikiwa haiwezi, punguzeni mkanda au masaa, au ongezeni plaki. Kisha tieni katika bei fyuzi na regilateri, kabla ya mkanda mrefu. Na mtu mmoja apewe kazi ya kupima volti kila asubuhi na kuandika.

Sisi tulimpa kazi hiyo mfinalisti mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumeona kwamba hata mwanga ni mali.

Mwisho wa habari ni huu. Tulikwenda watano nyumbani kwa mama mshika sanduku, Jumapili baada ya ibada, na daftari lake mkononi. Nilisoma ule ukurasa wa mwezi wa pili kwa sauti mbele yake na mbele ya mume wake, nikasema mimi ndiye niliyekataa kisanduku. Mzee wetu wa kikundi aliomba msamaha kwa jina la wote. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha aliuliza: "Na watoto, walisoma wapi majuma yale?" Tulimwambia ukweli, kwamba walisoma kwa mshumaa, wawili wawili. Akatikisa kichwa. Mkutano uliofuata alirudi, na jambo la kwanza aliloweka mezani lilikuwa bei ya regilateri.

Sasa ni mwezi wa nane, shule inafunguliwa mwezi ujao, na tuna unifomu za bluu na nyeupe za kumaliza. Taa zetu si za kung'aa kama butiki. Zinaangaza sindano, na Alhamisi zinawaka kama Jumatatu.

Juma lijalo tutaleta majibu ya maswali yenu. Kikundi chenye batri inayosumbua kituandikie namba tatu: wati za mkanda, masaa ya kuwasha, na wati za plaki. Tutafanya hesabu pamoja, kabla ya kumtazama mtu yeyote vibaya.